Fulu wa Sebuleni

Mwaka ambao mama yangu aliacha kula, nilikuwa na fulu tisa hai sebuleni kwangu Migosi, mjini Kisumu, na chakula pekee ambacho mama alisema angeweza kukimeza ni fulu. Nayataja haya mawili pamoja hapa mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba sikujua. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Fulu, kwa asiyemfahamu, ni samaki mdogo wa ziwa letu, urefu wake kama kidole cha kati, mwenye miiba mingi kuliko nyama. Zamani walikuwa wengi hadi hakuna aliyewaheshimu. Walichomekwa kwenye vijiti, wakaanikwa juani, wakauzwa kwa watu ambao ngege, yaani perege, alikuwa juu ya uwezo wao. Mama yangu aliwauza soko la Pap Onditi kwa miaka thelathini, na mimi nilisomeshwa na vijiti hivyo. Baadaye mbuta, yaani sangara, akaongezeka ziwani na kuwala fulu. Sisi tukamla mbuta. Kisha viwanda vikaanza kuchukua minofu ya mbuta kuipeleka ng'ambo, nasi tukaachiwa mifupa, ambayo hukaangwa na kuitwa mgongo wazi. Mtu akiniuliza historia ya Kisumu ya miaka ile, humpa hiyo, na bado sijasahihishwa.

Tangi la kioo sikulinunua. Mkubwa wangu ofisini alikuwa mhandisi wa maji, Mzungu wa makamo asiyependa maneno mengi, na mimi nilikuwa karani wa mafaili. Siku moja katikati ya miaka ya themanini nilimpelekea barua nyumbani kwake Milimani ili atie sahihi. Wakati akitafuta miwani, nilisimama mbele ya tangi lake la samaki kwa kuwa ndipo mahali pekee palipokuwa na nafasi ya kusimama. Alipotoka akanikuta nimeinama, akaamini kwamba nimependa. Mkataba wake ulipokwisha aliniita, akaniachia tangi, pampu ya hewa, kitabu kimoja na samaki ishirini wadogo wa kigeni wenye mikia mipana. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nilikuwa nimesimama tu.

Nililisafirisha tangi kwa mkokoteni, samaki wakiwa ndani ya mkebe wa maziwa. Nilipofika nyumbani nikalijaza maji ya mfereji hadi juu na kuwamimina humo. Kufikia saa kumi na mbili jioni wote ishirini walikuwa wanaelea. Maji ya mfereji hutiwa dawa, na dawa hiyo haipatani na samaki. Mimi ndiye niliyefaili kwa mkono wangu mwenyewe kila barua ya kuagiza dawa hiyo kwa miaka minane. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa na mazoea ya kuuliza maswali yenye jibu moja, aliuliza kama wanalika.

Hapo ningeuza tangi na mambo yakaisha. Lakini nina kasoro moja, nayo ni kwamba kitu kikinishinda mbele ya mke wangu hukirudia. Nilifungua kitabu, ambacho hadi siku hiyo kilikuwa kinazuia mlango wa jikoni usijifunge, nikasoma kwamba maji ya mfereji yanatakiwa yakae kwenye ndoo siku mbili kabla ya kutumiwa. Nikayakalisha. Jumamosi iliyofuata nikaenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, kutafuta samaki wa kuweka ndani.

Dunga palikuwa na mvuvi mmoja, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu hata saa saba mchana, ambaye alikuwa bado anapata fulu wachache kandokando ya mafunjo, mahali ambapo mbuta hapendi kuingia. Hakuwavua ili waliwe. Aliwaweka hai ndani ya mtungi wa plastiki na kuwatumia kama chambo cha kumvulia mbuta yuleyule aliyewamaliza. Nikachungulia ndani ya mtungi na, nasema kweli, nilishtuka. Walikuwamo fulu wa buluu, buluu ya wino, wenye wekundu mkiani na madoa ya njano kama yai kwenye pezi la chini. Nilikuwa nimekula fulu tangu nilipoota meno na sikujua kwamba wana rangi. Mimi niliwajua wakiwa kwenye kijiti, na kwenye kijiti wote ni rangi moja, rangi ya kijiti.

Nikachagua saba, wale waliong'aa zaidi. Walikuwamo pia wa kijivu, wasio na sura ya kuvutia, nikawaacha, nikidhani ni aina nyingine ya samaki, au ni wagonjwa.

Kwa mwaka mzima nilingoja saba wale wazae. Walichofanya ni kupigana. Waling'oana magamba, wakafukuzana kona hadi kona, kila mmoja akachimba shimo lake kwenye mchanga na kulilinda dhidi ya ulimwengu. Nilisoma kitabu, nikabadilisha maji, nikawapa viluwiluwi niliowachota mtaroni mbele ya majirani. Nikawapa dagaa wa omena wa kusaga na, majira ya sam, wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi, niliwakusanya kwa ungo chini ya taa ya barazani. Walikula vyote, kisha wakarudi vitani. Walipobaki wawili nikaenda tena Dunga kulalamika.

Mzee wa kofia aliniuliza nilichukua wa rangi gani. Nikamwambia. Akaita wanawake waliokuwa wanaparua samaki karibu naye ili wasikie vizuri, kisha akanijibu.

"Hiyo yako ni wanaume tupu, bwana. Sasa wanaume saba kwa nyumba moja watazaa nini?"

Mmoja wa wanawake hao alinitambua. Alikuwa akinunua fulu na mama yangu siku za nyuma. Akasema kwa upole kwamba mtoto wa fulani asiyejua jike la fulu ni jambo la kuombewa. Nikanunua majike saba, wale wa kijivu, nikaondoka bila kungoja kuombewa.

Kuanzia hapo mambo yakaenda, ingawa si kwa uzuri. Fulu hazai kama samaki wengine. Dume humwita jike kwenye shimo lake, jike hutaga, kisha huyaokota mayai yote kwa kinywa na kuyaweka humo hadi yawe watoto wanaoogelea. Hukaa karibu wiki tatu amefumba mdomo, koo limevimba, bila kula kitu. Haya yalikuwa kwenye kitabu, ukurasa ambao sikuwa nimeufikia. Kwa hiyo jike wa kwanza alipovimba koo na kukataa chakula, niliona amekwamwa. Nilimtoa kwa chujio la chai, nikamfungua mdomo kwa njiti ya kiberiti na kumtikisa. Yakamwagika mayai ya njano kama thelathini, yenye macho. Yalikuwa na macho, na yalinitazama.

Jike wa pili nilimwacha. Akawatoa watoto siku ya jumatatu nikiwa kazini, na wenzake wakawala wote kabla sijarudi. Hiyo nilielezwa na mke wangu, aliyekuwa likizo na aliyeshuhudia tangu mwanzo hadi mwisho akipiga pasi.

Miaka ikapita hivyo, wengine wakifa, nikipata mmojammoja wa kujazia kwa mzee wa kofia. Halafu, katikati ya miaka ya tisini, gugu maji likafunga ziwa. Majani yale ya kijani yenye maua ya zambarau yalijaa Dunga hadi ungedhani mtu angeweza kutembea juu yake hadi ng'ambo, na mashua zikakaa nchi kavu wiki baada ya wiki. Mzee wa kofia akarudi kwao kulima. Nikajua kwamba nilionao ndio nilionao: madume mawili, majike saba, wote wazima wa umri, hakuna mtoto hata mmoja. Hawa wakifa nisingepata wengine. Nilianza kuwahesabu kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Ndipo mama akaugua.

Aliletwa kutoka Nyakach na binamu yangu, akiwa amekonda hadi gauni lake la kanisani lilikuwa linamvaa yeye. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema ni vidonda vya tumbo, tena vya siku nyingi, akaandika dawa za mwezi mzima. Kisha akatueleza mimi na mke wangu, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la maana kuliko dawa, kwamba dawa zile ni kali na haziwezi kukaa ndani ya tumbo tupu. Mgonjwa lazima ale. Ale chochote anachotaka, alisema, lakini ale. Asipokula hatamaliza mwezi.

Mama hakulala kwangu. Kwetu mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na nyumba yangu ilikuwa ya chumba kimoja cha kulala na ukuta mwembamba, hivyo hata asiye na mila angeelewa. Alilala kwa mjane mmoja wa kanisani, mlango wa tatu kutoka kwetu. Lakini kila asubuhi baada ya wanafunzi kupita, alikuja kwa miguu yake, polepole, akaketi sebuleni hadi jioni. Kiti chenye mto kilikuwa kimoja. Kilikuwa kimetazamana na tangi.

Siku ya kwanza mke wangu alimpikia kuku. Akalamba mchuzi, akaweka kijiko chini. Siku ya pili akampikia mayai, siku ya tatu maharagwe laini. Alichokula kingeenea kwenye kifuniko cha soda, na alitapika dawa kabla ya adhuhuri. Siku ya nne jioni, wote tukiwa tumeketi, mama akasema bila kumtazama mtu kwamba mdomo wake umekufa. Akasema kwamba labda ukipata fulu utaamka.

Inafaa nieleze. Mama wa kizazi chake haombi chakula nyumbani kwa mwanawe. Hutaja chakula, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, na mwenye masikio husikia. Mke wangu alisikia, akatazama tangi. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Nikasema kwamba fulu siku hizi ni shida, gugu limefunga ziwa, lakini jumamosi nitaenda Dunga kujaribu bahati.

Mama akasema sawa, nyathina, yaani mwanangu.

Kilichonifunga mkono nitakisema, ingawa hakinipi sifa. Siku mbili kabla ya mama kuletwa, jike mmoja, mkubwa kuliko wote, alikuwa ameokota mayai. Koo lilikuwa limejaa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na maarifa, nilikuwa na sufuria pana la kumtengea siku ikifika, na nilikuwa nimeanza kuhesabu siku nyuma ya shajara ya ofisi. Nilijiambia kwamba fulu tisa hawamponyi mtu, kwamba kila mmoja ni tonge moja na nusu, kwamba ukishika mmoja kwa chujio wote wanaruka na jike atatema mayai kwa hofu. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa na akili. Mtu anayefanya jambo baya kwa kawaida hana uhaba wa sababu.

Jumamosi nilikwenda Dunga kweli. Hapakuwa na mashua iliyoingia majini. Wanawake walikuwa wamekaa kando ya makaa wakikaanga mgongo wazi, na nilipotaja fulu waliniangalia kama nimetaja ndugu yao marehemu. Nikanunua mgongo wazi mbili. Mama alizigeuza kwenye sahani, akatafuta nyama, akaikosa.

"Huyu ameshaliwa na mtu mwingine," akasema, akasukuma sahani.

Basi sebuleni kwangu wakawa wanawake wawili waliofumba midomo. Mmoja ndani ya maji, mmoja kwenye kiti chenye mto, wanatazamana kutwa. Nikirudi kazini nilimwamkia mama, nikamuuliza amekula nini, akajibu uji kidogo, kisha nikainama kumtazama yule mwingine. Nilikuwa najua koo lake limekua kiasi gani tangu jana. Sikujua mama amepungua kiasi gani tangu jana, kwa sababu mama sikumtazama kwa makini hivyo. Niliona aibu kumtazama.

Wakati wa chakula, na asubuhi kabla ya kwenda kazini, nilianza kufunika tangi kwa leso ya mke wangu. Nilisema ni kwa ajili ya jike, kwamba mwanga na nyendo za watu zinamsumbua. Hakuna aliyebisha. Mke wangu alielezwa na mjane wa kanisani, naye akaniambia baadaye, kwamba nikishatoka asubuhi mama huja, huikunja leso vizuri, huiweka juu ya redio, kisha huketi.

Siku moja ya wiki ya pili stima ilipotea tangu asubuhi. Stima ikipotea pampu husimama, na maji yenye samaki tisa hayakai na hewa siku nzima. Nilikuwa na dawa ya hilo: tyubu ya lori niliyoijaza upepo kwa fundi wa baiskeli, yenye mpira mwembamba uliofungwa kwenye vali, ambayo ukiilegeza kidogo hutoa hewa tangini pole pole. Lakini ilihitaji mtu wa kuilegeza na kuikaza, la sivyo humaliza upepo kwa dakika chache. Mimi nilikuwa ofisini, mke wangu darasani. Habari za stima nilizipata saa tisa, nikatoka bila ruhusa, nikatembea nusu nikikimbia hadi Migosi kwa ajili ya samaki.

Nilimkuta mama amekaa sakafuni, mgongo ukutani, tyubu ameikumbatia, vidole viwili kwenye vali. Mapovu yalikuwa yanapanda tangini, moja, jingine, kama yanavyotakiwa. Mjane wa kanisani ndiye aliyekuwa ameona nikifanya hivyo siku za nyuma, akamwonyesha, kisha akaenda zake sokoni. Mama alikuwa hapo tangu saa nne. Nilimuuliza kwa nini hakuacha tu. Akasema wangekufa, na yule mkubwa ana mzigo. Akanipa tyubu akaenda kujilaza kwa mjane, na siku ile hata uji hakunywa.

Jioni hiyo mke wangu alifunga mlango wa chumbani na kuniambia alichokuwa amekihifadhi kwa siku nyingi. Hakupandisha sauti. Alitumia ile aliyoitumia kusoma majina ya waliofeli.

"Kuna wagonjwa wawili katika nyumba hii, na wewe umechagua kumuuguza samaki."

Nilimjibu kwamba zimebaki siku chache tu. Akaniuliza zimebaki siku chache za nani.

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilifunika tangi na kwenda kazini. Ningependa kuandika kwamba nilibadilika. Sikubadilika. Nilimpenda mama yangu, hilo halikuwa na shaka hata siku moja, na bado nilitoka mlangoni nikiomba jike asiteme.

Ilikuwa jumamosi, siku ya kumi na tisa kwa shajara yangu. Nilikuwa nje nafua, mke wangu anachambua mchele, mama akaniita kwa jina la baba yake, jina ambalo huniita nikiwa nimefanya jambo kubwa, zuri au baya. Nikaingia na mapovu ya sabuni hadi viwikoni.

Jike alikuwa ameshuka kwenye kona, karibu na jiwe. Akafungua mdomo, akapiga kama miayo, na wakatoka watoto. Walitoka wakijua kuogelea. Walikuwa kama arobaini, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, wakakaa mbele ya uso wake kama wingu. Dume moja likasogea. Jike akarudi nyuma, akafungua mdomo, na wote wakaingia ndani tena kwa mkupuo, kama watu wa mtaa mmoja wanaoingia ndani mvua ikianza. Nilikuwa nimengoja hilo kwa miaka zaidi ya minane. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama nyuma yangu bila kushikilia kitu.

"Nimevikamua vinywa hivi miaka thelathini," akasema. "Mayai yakikaukia ndani, samaki huoza kichwa. Tulikuwa tunabonyeza kwa kidole gumba, hivi, tunatupia ndege. Sijawahi kuona yanakwenda wapi."

Nikamwambia kwamba sikujua kama anajua kuhusu mayai. Akanitazama kwa huruma ya kweli. Akaniuliza kama nilidhani alikuwa amekaa pale zaidi ya wiki mbili anatazama nini. Alikuwa ameliona lile koo siku ya kwanza, kabla hata hajaketi. Mtu hachinji kuku aliyelalia, akasema. Alikuwa anangoja atoe.

"Sasa ametoa," akasema. "Mhamishe yeye na watoto wake, halafu unipikie wale wengine."

Nilileta sufuria pana. Mama mwenyewe alishika chujio, kwa kuwa hakuwa na muda wa kunisubiri tena. Akamtoa jike kwanza, mdomo umejaa, akamweka kwenye sufuria kwa adabu. Kisha akachagua. Alitoa madume yote mawili, yale ya buluu, na majike mawili. Nikamwomba aniachie dume moja, mbegu isipotee. Akasema katika wale arobaini madume yamo, na kama nina haraka sana nikae kwenye kiti chenye mto nisubiri, hata yeye alisubiri.

Aliwaparua mwenyewe jikoni, akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa kisu kidogo cha vitunguu. Miezi mingi sikuwa nimeona mikono yake ikifanya kitu kwa haraka. Buluu ilitoka na magamba, ikabaki kwenye beseni. Mke wangu akawachemsha kwa nyanya, kitunguu na chumvi, bila mafuta, kama mama alivyoelekeza, akasonga ugali wa mtama. Nyumba ikanuka utoto wangu, na sikuweza kukaa ndani. Nikatoka kumalizia kufua.

Tulipoketi, tangi halikufunikwa. Mama aliomba dua fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba. Akala. Alimla dume la kwanza kuanzia mkiani, akitoa miiba kwa pembe ya mdomo bila kuigusa kwa mkono, kama wanavyofanya watu waliokua na samaki huyu, kisha akakifyonza kichwa. Akala la pili, kisha jike mmoja. Akaomba ugali uongezwe. Mke wangu aliinuka kuuleta, akakaa jikoni kidogo kuliko ilivyohitajika, akarudi na macho mekundu. Mama akameza dawa zake na maji, tukasubiri wote watatu tukitazama meza. Dawa zikakaa.

Kisha akanisogezea sahani, ambayo ilikuwa na jike mmoja amebaki.

"Kula na wewe," akasema. "Umekonda kwa mawazo."

Nilikula. Nilikuwa nimejiandaa kwamba atakuwa na ladha ya tangi, au hana ladha yoyote, na hilo lingenisaidia kidogo. Alikuwa mtamu. Alikuwa na utamu uleule wa vijiti vya Pap Onditi, ule ambao mama alikuwa ameutaja karibu wiki mbili nyuma huku mimi nikitazama kalenda, na wakati wote huo ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Machozi yakanitoka hapohapo, mbele ya mke wangu, tonge likiwa bado mdomoni.

Mama aliweka mkono mgongoni pangu, akaniuliza kama ni mwiba.

Nikamwambia ni mwiba.